Mwalimu mstaafu wa Mchinga anataka kwenda Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru: awe na karatasi gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 63, mjane, naishi Mchinga, Lindi. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria, yuko Berlin, na mimi mwenyewe sijawahi kumwona. Nina pensheni, shamba la mikorosho na nyumba niliyojenga. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo Leipzig, amesema nitafikia kwake. Nataka kukaa wiki mbili tu nirudi. Nyaraka gani zinatakiwa? Zamani niliwahi kuvuka kwenda Msumbiji kwa hati ya dharura, je, inafaa? Halafu kuna kijana Dar anasema nimpe milioni mbili, viza ni ya uhakika, hata taarifa ya benki atanitengenezea yeye. Nishauri.

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Naanza na huyo kijana, maana yeye ndiye anayeweza kukuharibia kila kitu. Usimpe hata shilingi. Hakuna mtu nje ya ubalozi mwenye viza ya uhakika mfukoni. Akikutengenezea taarifa ya benki ya uongo, ubalozi unaweza kuuliza benki yenyewe, na hapo jibu lao halitakuwa tu kwamba fedha hazikutosha. Nyaraka ya kughushi ni sababu ya kukataliwa inayojitegemea. Inaandikwa kwenye mfumo wa taarifa za viza ambao nchi zote 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zinausoma, kwa hiyo ukienda kesho kuomba Ufaransa au Italia wataikuta. Na kinachoniuma zaidi katika mambo ya namna hii ni kwamba mtu kama wewe huhitaji uongo wowote. Pensheni unayo, nyumba unayo, mikorosho unayo. Kazi iliyobaki ni kuvifanya vitu hivyo visomeke na mtu ambaye hajawahi kufika Mchinga wala hatafika.

Mtu huyo ni ofisa viza. Atalifungua faili lako, atakaa nalo muda mfupi, na atataka majibu ya mambo matatu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na kitu gani kitakurudisha nyumbani. Kila karatasi utakayoweka iwe inajibu mojawapo. Karatasi isiyojibu lolote iache nyumbani, hata kama ina mihuri mitano. Watu wengi hukwama kwenye jambo la tatu. Fomu ya kukataliwa ina visanduku vya sababu, na kile ambacho Watanzania wengi hukikuta kimewekewa alama ni kile kinachosema kuna mashaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza haijaisha. Kwa hiyo jibu langu refu litakuwa hapo.

Kwanza pasipoti. Hati ya dharura ya safari haifai Ujerumani. Ile ni ya kuvukia kwa majirani, na ulipoitumia Msumbiji ilikuwa mahali pake. Unahitaji pasipoti ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa Januari 2018. Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na jumla ya ada ni shilingi 150,000: elfu ishirini ya fomu mwanzoni, iliyobaki ukiwasilisha maombi. Huna haja ya kwenda Dar kwa hili, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pale Lindi mjini inapokea. Uwe na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi au hati ya kiapo ya kuzaliwa kwake. Watu wa umri wako huku kusini wengi hawana cheti cha mzazi, ndiyo maana hati ya kiapo inakubaliwa. Usishangae kama ukoo wako una mguu mmoja ng'ambo ya Ruvuma na ukaulizwa maswali zaidi ya mtu wa Dodoma. Jibu kwa utulivu. Kuwa na shangazi Mueda, kule Msumbiji, hakukuondolei uraia.

Kabla hujalipa chochote, weka mezani kadi ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mstaafu na kadi ya benki, usome majina herufi kwa herufi. Walimu wa zamani wana tatizo hili kuliko kundi lolote ninalolijua: cheti cha ualimu kina jina la baba, NIDA ina jina la babu, benki ina jina la marehemu mume. Tofauti hizo zirekebishwe kwanza, au ziwe na hati ya kiapo inayosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja, iliyosainiwa kwa wakili. Ukiziacha, pensheni yako itaonekana ni ya mtu mwingine.

Sasa viza yenyewe. Unaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Wiki mbili zako ziko ndani kabisa. Kwa kuwa siku zote utakuwa Ujerumani, unaomba Ujerumani. Hata ukitamani kupita Prague siku mbili, kanuni ni kuomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Pasipoti iwe na angalau kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai walau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Mpya itatimiza yote. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, ambayo kwa viwango vya karibuni ni kama laki mbili na nusu, na hairudi hata ukikataliwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45 faili likihitaji kuchunguzwa zaidi.

Picha ni milimita 35 kwa 45, isizidi miezi sita. Unaweza kupigwa ukiwa na mtandio kwa sababu za dini, ila uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Tuje kwenye kitakachokurudisha nyumbani, na hapa naomba uniazime masikio.

Pensheni ndiyo nguzo yako. Inaingia kila mwezi, haitegemei bosi kukupa likizo, na utaipokea ukiwa hai Mchinga. Omba PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, barua inayothibitisha kwamba wewe ni mstaafu wao na unalipwa kiasi gani, kisha taarifa ya benki inayoonyesha malipo hayo mwezi kwa mwezi. Wengi wanapeleka ya miezi mitatu ya mwisho. Wewe peleka ya miezi sita, kwa sababu ya korosho.

Fikiria ofisa anavyoiona akaunti ya mkulima wa Lindi. Mwezi wa nane hakuna kitu, wa tisa hakuna kitu, halafu Novemba au Desemba zinaingia milioni kadhaa kwa mkupuo. Kwa mtu aliyezoea mishahara, huo ni mfano kamili wa fedha za kuazima: mtu amekopa kwa ndugu, ameijaza akaunti, akipata viza anazirudisha. Faili linaanguka ilhali hela ni yako halali, umeipalilia na kuipulizia salfa mwenyewe. Dawa yake ni kuonyesha chanzo. Ulipopeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika ulipewa stakabadhi yenye kilo na daraja. Mnada ukafanyika, malipo yakaingia benki. Chukua nakala ya stakabadhi hizo, uzipange mbele ya taarifa ya benki, na kwa kalamu ya risasi weka alama kwenye muamala unaolingana. Omba chama chako kiandike barua fupi: ni mwanachama tangu mwaka gani, misimu miwili au mitatu iliyopita ameuza kilo ngapi. Kama umesajiliwa kwenye daftari la wakulima la Bodi ya Korosho kwa ajili ya pembejeo, weka na uthibitisho huo. Kisha kwenye barua yako eleza kwa sentensi mbili kwamba korosho huku huvunwa na kuuzwa kuanzia Oktoba hadi kwenye Januari, ndiyo maana fedha huingia wakati huo. Ofisa hana namna nyingine ya kulijua hilo.

Msimu huohuo unakupa pia tarehe ya safari. Ukiomba Februari au Machi kwa safari ya Mei au Juni, akaunti bado ina sura nzuri, na unarudi kabla ya mikorosho kuanza kutoa maua. Andika hivyo hivyo kwenye barua: natakiwa kuwepo shambani kuanzia Julai kwa ajili ya kupuliza dawa. Hiyo ni sababu ya kurudi yenye uzito kuliko kuandika "naipenda nchi yangu". Ukiomba kusafiri Oktoba, mtu yeyote mwenye akili atajiuliza kwa nini mkulima anaondoka wakati wa kuokota.

Shamba na nyumba navyo viwe na karatasi. Kama shamba lako liko kwenye ardhi ya kijiji na limepimwa, hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ni ushahidi mzuri kabisa. Usiidharau kwa sababu si ya mjini. Kama huna, barua ya serikali ya kijiji au mtaa ikitaja ukubwa wa shamba na mipaka yake inasaidia, ingawa uzito wake ni mdogo. Ukiwa na muda, anza mchakato wa hati sasa. Itakufaa wewe na watoto wako hata safari isipofanyika.

Karatasi hizi nyingi ni za Kiswahili, na ubalozi unataka nyaraka za Kijerumani au Kiingereza. Zile za maana zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana huduma hiyo. Usimpe mjukuu azitafsiri kwa simu, kwa sababu maneno kama chama cha msingi na stakabadhi ghalani yakipotoka, hoja yako yote inapotea.

Mpwa wako sasa. Kuna mwaliko wa aina mbili na watu huvichanganya. Upo ule rasmi, ambapo mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake Ujerumani na kusaini kwamba atabeba gharama zako zote, pamoja na matibabu na hata za kukurudisha kwa nguvu kama ikibidi. Ada yake huko ni yuro 29, lakini lazima aonyeshe kipato cha kutosha, na mwanafunzi mara nyingi hana. Usimsukume kijana kwenye deni la kisheria ambalo hawezi kulilipa. Upo wa pili, barua ya kawaida aliyoiandika na kuisaini: huyu ni mama yangu mdogo, au mkubwa kama ndivyo, atafikia kwangu tarehe hii hadi hii, kwenye anwani hii. Aambatishe nakala ya kibali chake cha ukaazi na cheti cha usajili wa makazi ambacho kila mkazi wa Ujerumani anacho. Wewe unasema gharama ni zako, yeye anatoa pa kulala. Mgawanyo huo unaeleweka na unalingana na ukweli. Thibitisheni pia undugu wenu kwa vyeti vya kuzaliwa, chako, cha dada yako na chake. Na kama anaishi bweni la chuo, aulize kwanza kama anaruhusiwa kulaza mgeni wiki mbili. Kama hapana, wekeni nafasi ya hosteli inayoweza kufutwa bila gharama.

Bima ya safari ni lazima: isiyopungua yuro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen, kwa siku zote za kukaa, ikihusisha matibabu ya dharura, kulazwa na kusafirishwa nyumbani ukiugua au ukifariki. Kadi ya NHIF haihesabiki hapa. Kwa umri wako bei itakuwa juu kidogo kuliko ya kijana. Mwambie wakala umri wako halisi na maradhi uliyonayo, presha au sukari, asikuuzie karatasi ambayo siku ya shida haitalipa.

Tiketi usinunue kabla ya viza. Wanachotaka ni nafasi iliyoshikiliwa ya kwenda na kurudi. Tarehe zake zifanane na za bima, za barua ya mpwa, za fomu na za barua yako. Nimeona mafaili mazuri yakiharibika kwa sababu bima ilianza siku moja baada ya ndege kutua.

Barua yako ya maelezo iwe ukurasa mmoja. Na hapa Mwalimu una kitu ambacho watalii wengi hawana: sababu iliyo wazi. Wengi huandika wanakwenda "kuona vivutio". Wewe andika kwamba Tendaguru iko wilayani kwenu, kwamba mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na kwamba msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Andika umefundisha habari hiyo darasani na sasa unataka kusimama mbele ya mifupa yenyewe, iliyosimamishwa kwa urefu wa mita 13.27 kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe Asilia, barabara ya Invalidenstraße. Andika kutoka Leipzig utakwenda kwa treni ya saa moja na robo hivi. Hayo yanaaminika kwa sababu ni ya mtu halisi.

Mimi binafsi naona si haki hata kidogo kwamba mtoto wa Mipingo au Mchinga atoe alama za vidole na taarifa ya benki ili aone kilichotoka chini ya miguu ya babu zake. Nalisema kwa moyo wote, na wabunge wa Lindi wamelisema bungeni zaidi ya mara moja. Ila barua ya viza si mahali pake. Ofisa huyo hana mamlaka juu ya mifupa, ana mamlaka juu ya faili lako. Madai hayo tuyapeleke panapostahili.

Jambo moja la makumbusho: jengo lile liko kwenye ukarabati wa miaka mingi na kumbi zake hufungwa kwa zamu. Kabla hujachagua tarehe, mpwa wako ahakikishe kwenye tovuti yao kwamba ukumbi wa dinosaria utakuwa wazi siku hizo. Litakuwa jambo la kusikitisha mno ufike mlangoni ukute umefungwa.

Maombi unawasilisha mwenyewe Dar es Salaam kwa miadi, kwa sababu alama za vidole haziwezi kutumwa. Zikishachukuliwa hukaa kwenye mfumo miezi 59. Utaratibu wa kupata miadi uko kwenye tovuti ya ubalozi wa Ujerumani, na miadi haiuzwi. Anayekuuzia ni ndugu wa yule kijana wako. Machi na Aprili ni masika, na barabara yetu ya kusini unaijua. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, ilikatika pale Somanga watu wakakwama. Fika Dar siku mbili kabla ya miadi. Ukiulizwa maswali jibu kwa ufupi, kama ulivyoandika, na usiogope kusema "sijui, mpwa wangu ndiye atanipeleka".

Ukikataliwa, barua itataja sababu. Zamani ulikuwa unaweza kuandikia ubalozi wa Ujerumani kupinga, lakini njia hiyo iliondolewa tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki mbili: kufungua shauri Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, ambayo ni gharama na ni ndefu, au kuomba upya ukiwa na ushahidi mpya unaojibu sababu waliyoitaja. Kwa mstaafu anayesafiri kutembea, mimi nashauri ya pili. Usiombe upya na faili lilelile.

Ukipata, soma stika hapo hapo dirishani: jina, tarehe za kuanza na kuisha, na idadi ya siku. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Viza haikuhakikishii kuingia, kwa hiyo barua ya mpwa, bima, tiketi ya kurudi na taarifa ya benki ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililokwenda chini ya ndege. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki badala ya muhuri, kwa hiyo utapigwa picha ya uso. Kuna pia kibali kinachoitwa ETIAS ambacho kinazungumzwa sana. Hicho ni cha watu wasiohitaji viza, na asikuuzie mtu.

Zawadi: nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kabisa kuingia. Korosho za kukaanga hazina shida, na nazi nayo inaruhusiwa, mpwa wako atafurahi. Kama ndege yako ya kurudi inapita Addis Ababa na utasubiri huko zaidi ya saa 12, uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa unaweza kudaiwa ukitua Dar. Waulize Hospitali ya Sokoine wakuelekeze pa kuchanjia, na uchanje mapema, walau siku 10 kabla ya safari.

Anza wiki hii na majina na pasipoti. Ukishaandika ile barua ya ukurasa mmoja, nitumie niisome kabla haijatafsiriwa.